Wakfu usioandikwa: maneno niliyosema kwenye darsa la kina mama

Haya niliyasema Alhamisi iliyopita baada ya swala ya Alasiri kwenye darsa letu la kina mama hapa Tanga. Wengi mmeniomba kwenye grupu niyaandike mana wengine mlikaa nyuma na yale mafeni yalikua yanapiga kelele, wengine mlikua na watoto, kwahiyo nimekaa nimeandika kama nilivyosema, na pale ambapo muda ulinibana siku ile nimeongezea.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, shangazi zangu, dada zangu, nimepewa nusu saa na nusu saa yote nataka tuongelee kitu kimoja tu, wakfu, yani mali inayozuiwa isiuzwe wala isirithiwe na faida yake inatolewa sadaka. Najua mtu akisikia wakfu anawaza msikiti, anawaza makaburi, au anawaza ule msahafu wenye maandishi ukurasa wa mwanzo kwamba huu ni wakfu kwa ajili ya Allah hauuzwi. Vyote hivyo ni wakfu kweli. Ila wakfu ni mkubwa kuliko hapo, na sisi watu wa pwani tuliurithi ukiwa hai na tunauacha ufe mikononi mwetu, na mimi nina ushahidi kutoka kwenye nyumba yetu wenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikua na minazi kumi na moja upande wa Pangani. Ile minazi aliiweka wakfu kwa ajili ya taa za msikiti wa kijijini. Enzi hizo hakuna umeme, msikitini inawashwa karabai na chemli, na mafuta ya taa yananunuliwa kwa hela. Basi kila baada ya miezi mitatu anakuja mkwezi, nazi zinaangushwa, zinahesabiwa palepale chini bibi akiwa amekaa kwenye kigoda, mkwezi anapewa zake, zilizobaki zinauzwa hela inaenda kwa imamu. Sisi watoto tulikatazwa kugusa hata dafu lililoanguka lenyewe. Kaka yangu siku moja aliokota nazi moja akaja nayo jikoni, anafurahi kabisa, kamletea bibi nazi ya kupikia wali. Bibi akamuuliza umeitoa wapi, akasema pale. Bibi hakumpiga wala hakumgombeza. Alimwambia vaa kanzu yako, chukua hiyo nazi, mpelekee imamu mkononi umwambie hii ni ya msikiti ilipotea njia. Jua la saa nane mchana, mtoto wa miaka saba, anatembea na nazi kubwa kuliko kichwa chake. Mpaka leo kaka yangu ana ndevu nyeupe lakini akipita chini ya mnazi wa mtu haokoti kitu.

Sasa bibi akafariki. Umeme ukafika kijijini, watu wakasema taa za mafuta hazipo tena, ile minazi kazi yake nini? Ndugu mmoja ndio akawa anaiangalia, hela mara ipelekwe mara isipelekwe, alafu na yeye akafariki, watoto wake walikua mjini hawajui lolote, wao wanachojua ni shamba la baba. Wakauza. Kihalali kabisa machoni pao. Nilipopata habari nilienda mpaka pale, nikauliza, nikaita wazee. Wazee wawili waliokua mashahidi wameshatangulia mbele ya haki. Karatasi haipo. Haijawahi kuwepo, mana bibi alitamka tu mbele ya watu na watu walikua wanaaminiana. Yule aliyenunua ana hati imepigwa muhuri, sisi tuna hadithi ya bibi. Nikarudi Tanga na daladala nalia njia nzima, na sikulia kwa ajili ya minazi, nililia kwa ajili ya bibi mana alitegemea ile iendelee kumfikia huko aliko. Mtume wetu swalallahu alayhi wasallam katufundisha kwamba binadamu akifa amali zake zinakatika isipokua kwa njia tatu, sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, au mtoto mwema anayemuombea. Bibi aliacha ile ya kwanza na sisi tukaikata.

Na hapa kwetu je? Mnakumbuka mwezi wa Rajabu mota ya kisima iliungua. Wiki tatu watu wanatawadha kwa ndoo, wazee wanainama wanateleza, kila Ijumaa mtu anasimama na spika anaomba michango, leo laki, kesho elfu themanini, na fundi anasubiri. Msikiti ule tuliujenga kwa miaka tisa, marumaru nzuri, feni, zulia, mashallah, ila hauna hata fremu moja ya duka inayouingizia hela. Tumejenga mdomo wa kula hatukujenga mkono wa kuulisha. LUKU ikiisha michango, tenki likipasuka michango, mwalimu wa madrasa akiumwa michango, na wanaochanga ni walewale, wengi wao ni nyinyi mliokaa hapa mnaouza vitumbua alfajiri.

Watu waliotangulia hawakufanya hivi. Nataka niwapeleke mpaka mwanzo kabisa. Sayyidna Umar alipata ardhi Khaybar, akaja kwa Mtume akasema nimepata ardhi sijawahi kupata mali ninayoithamini kama hii, unaniamuru niifanye nini? Angalieni, hakuja na kile kilichomchosha, kaja na anachokipenda zaidi. Mtume akamwambia ukipenda zuia asili yake na utoe sadaka mazao yake. Hayo maneno machache ndio wakfu wote. Asili inazuiwa, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na kinachotoka ndani yake ndio kinaliwa na maskini, na jamaa, na msafiri, na mgeni, na kuwakomboa watumwa. Na anayesimamia hana lawama akila kwa wema bila kujilimbikizia. Hadithi hii ipo kwa Bukhari na Muslim.

Kuna kipande cha habari hii hakisemwi sana mimbarini, na mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba. Abu Dawud katika Sunan, kitabu chake cha hadithi, kanukuu ile hati ya wakfu wa Umar. Hati, karatasi, imeandikwa na mwandishi wake Muayqib na imetajwa shahidi wake Abdullah bin al-Arqam. Umar huyu ambaye neno lake hakuna mtu angelipinga, alienda akaandikisha! Na ndani ya hati kaandika nani asimamie akifa yeye. Hakuandika Abdullah mwanawe mwanachuoni. Kaandika Hafsa. Binti yake, mama yetu, mke wa Mtume, asimamie maisha yake yote, na baada yake wenye busara katika jamaa zake. Kwahiyo mtu akikuambia mambo ya mali za msikiti ni ya wanaume wakae barazani wayamalize, muulize kwa upole kabisa, Umar alikosea?

Na wanawake hatukuishia kusimamia tu, tuliweka wenyewe. Zubayda mke wa khalifa Harun Rashid, enzi hizo Makka maji ni shida kweli mpaka inasimuliwa kiriba kimoja cha maji kilifika dinari ya dhahabu, yeye ndio akatoa mali yake maji yakaletwa kwa mifereji kutoka milimani mpaka kwa mahujaji, na ule mfereji ukabaki na jina lake, Ayn Zubayda. Inasimuliwa msimamizi wake alimwambia gharama ni kubwa, akajibu ifanywe hata kama kila pigo la shoka ni dinari. Na njia ya kutoka mji wa Kufa, Iraq, mpaka Makka aliweka visima na mahali pa kupumzikia, ikaitwa Darb Zubayda. Kafariki mwaka 831 na mahujaji waliendelea kunywa maji yake karne baada ya karne. Au Fatima al-Fihri kule Fes, Morocco, wanahistoria wanasimulia alirithi mali ya baba yake akaitoa yote kujenga msikiti wa Qarawiyyin mwaka 859, msikiti ukawa chuo na mpaka leo watu wanasoma. Na chuo kile hakikuishi miaka elfu na zaidi kwa kupitisha bakuli. Watu walikiwekea maduka, mashamba, nyumba za kupangisha, kodi ndio ikalipa walimu na chakula cha wanafunzi.

Yupo mwingine nampenda sana, Hurrem Sultan. Huyu alikua mateka, kaletwa Istanbul akiwa binti mdogo kama mtumwa, akaja kuwa mke wa Sultan Suleiman wa Waothmani, wale Waturuki. Mwaka 1552 akaweka wakfu jiko Jerusalem, Quds yetu, jiko la kupikia watu. Hati yake ilikua na mapato ya vijiji vingi vya Palestina kuilisha hiyo kazi, na alivyoiandika sasa! Kaandika asubuhi supu ya mchele, jioni supu ya ngano, mkate kila mlo, na usiku wa kuamkia Ijumaa na Ramadhani kiwepo chakula kizuri zaidi, wali na nyama, na wali mtamu wa asali na zafarani. Aliyewahi kupika shughuli ya watu mia tano hapa anajua kwamba bila kuandika namna hiyo mtu atakuja kukata, atasema mchele umepanda tupike uji tu. Yeye akafunga mlango huo kwa kalamu. Na lile jiko lipo, jamani, mpaka zama zetu watu wa mji wa kale wanaenda na sufuria zao kuchukua chakula, wanaliita Takiyya Khaski Sultan. Himaya yote ya Waothmani imeanguka na sufuria inachemka.

Sasa nije kwenye habari ya sahani. Ibn Battuta, yule msafiri, mwaka 1326 alikua Damascus. Anasema siku moja alikua anapita kwenye kichochoro akaona kijana mdogo mtumwa, sahani ya kauri ya Kichina imemponyoka imevunjika. Watu wakamzunguka. Fikirieni hali ya yule mtoto, sahani ya bei ile si yake, ni ya bwana wake, atarudi vipi nyumbani? Mtu mmoja akamwambia okota vipande vyako upeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akaokota, wakaenda, akaonyesha vipande, akapewa hela ya kununua sahani kama ile. Mambo yakaisha. Ibn Battuta anasema hili ni katika mambo bora kabisa, mana bwana wake lazima angempiga au kumkaripia, na yule mtoto moyo wake ungevunjika pia, kwahiyo wakfu ule ulikua dawa ya kuunga mioyo.

Nataka mlikalie hilo kidogo. Kuna mtu Damascus, hatujui jina lake, alikaa chini na mali yake akajiuliza nani analia katika mji huu na hakuna anayemuona? Akamuona mtoto aliyevunja sahani. Sisi majumbani mwetu tuna mabinti wa kazi, wengine wana miaka kumi na sita, kumi na saba, wametoka kijijini, chupa ya chai ikivunjika anatetemeka na hela inakatwa kwenye mshahara. Nasema bila kumnyooshea mtu kidole mana hata mimi nimewahi kukata, na niliposoma habari hii nilimtafuta yule binti, sasa hivi ameolewa, nikamrudishia na kumuomba radhi. Ibn Battuta anasema kulikua na wakfu wa kuwaandalia mabinti wasiojiweza vitu vya harusi, wakfu wa wanaoshindwa kwenda Hija, wakfu wa kukomboa mateka, wa wasafiri, wa kutengeneza barabara. Na Istanbul hata leo ukienda utaona kwenye kuta za misikiti ya zamani vijumba vidogo vya ndege vimechongwa kwa mawe vina madirisha kama nyumba ya mtu.

Na msidhani huo ni uungwana wa Waarabu na Waturuki peke yao. Huyo huyo Ibn Battuta miaka mitano baadae, 1331, kafika kwetu pwani. Kapita Mombasa akalala usiku mmoja, akaandika kwamba watu wake ni wa dini, wasafi, wema, misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi, na kila mlango wa msikiti una kisima kimoja au viwili, maji karibu tu, wanachota kwa kata ya mbao yenye mpini mwembamba, chini pamesawazishwa, anayetaka kuingia anaosha miguu, na mlangoni pana kipande cha mkeka mzito wa kufutia. Umeona? Karibu miaka mia saba iliyopita mzungukaji wa dunia nzima anakuja kwetu na kinachomshangaza ni maji mlangoni mwa msikiti. Na sisi wiki tatu tumetawadha kwa ndoo sababu ya mota. Kilwa alimkuta Sultan Hasan bin Sulayman anaitwa Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa namna alivyokua anatoa, alikutana na fakiri wa Yemen siku ya Ijumaa akamuomba nguo alizovaa, akaingia akabadilisha akampa zote. Hii damu ni yetu.

Kwahiyo ilipotea wapi? Mimi naona sehemu mbili, na moja ni ya kutoka nje na moja ni yetu.

Ya nje ni sheria za wakoloni. Wakfu wa familia, yani mtu anaweka nyumba watoto wake na wajukuu wake wanufaike na mwisho kabisa iende kwa maskini, waingereza hawakuuelewa. Mwaka 1894 baraza lao la rufaa London liliamua kesi ya kutoka Bengal kwamba wakfu wa hivyo ni batili, mana fungu la maskini liko mbali mno. Waislamu wa India wakahangaika mpaka ikatoka sheria mwaka 1913 kuurudisha. Lakini kwetu Afrika Mashariki hukumu ile iliendelea kutuuma, mwaka 1952 hao hao wa London wakaitumia kwenye kesi ya familia ya huku, ingawa madhehebu yetu ya Shafii yanaukubali wakfu ule wazi kabisa. Watu wanakaa maelfu ya maili wanawaambia wazee wetu sadaka yenu si sadaka. Zanzibar waingereza waliweka kamisheni ya wakfu tangu 1905, na leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana chini ya serikali ya Zanzibar, Kenya wana sheria mpya ya wakfu ya 2022. Kwahiyo ndugu zetu wana milango ya kubisha. Sisi bara huku njia iliyozoeleka ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, mali inaandikwa kwa jina la wadhamini sio jina la mtu. Sio ngumu kama tunavyotishana. Inataka katiba, majina, picha, ada, na subira ya kwenda na kurudi.

Ya kwetu wenyewe ndio kubwa. Hatuandiki, hatuhesabu, na tunaona aibu kuuliza. Tunaona kumuuliza msimamizi hesabu ni kumtuhumu wizi. Sio kweli dada zangu, kumuuliza hesabu ni kumlinda. Mtu mwema akiachwa na mali ya Mungu miaka ishirini bila daftari na bila mtu wa kumuuliza, akifa ile mali inachanganyika na mirathi yake na watoto wake wanakula moto bila kujua. Ndicho kilichotokea kwetu. Ndugu yetu yule hakua mwizi, nasema na nitasema hivyo siku zote, alikua mtu aliyeachwa peke yake.

Nikaambiwa siku moja, ukhti, haya mambo ni ya matajiri, sisi hatuna ardhi Khaybar. Sawa. Tuangalie wenzetu. Singapore Waislamu ni wachache na ardhi ni ya thamani kuliko dhahabu, walikua na msikiti wa zamani mtaa wa Bencoolen kwenye ardhi ya wakfu. Miaka ya mwanzo ya 2000 baraza lao la kiislamu likatafuta wawekezaji kwa njia ya ushirika isiyo na riba, wakajenga pale pale jengo kubwa, msikiti mpya chini na nyumba za kupangisha juu. Msikiti unalishwa na jengo lake. Na ukifuatilia wakfu nyingi za kule utakuta waliozianzisha ni Mahadhrami, watu wa Hadhramaut kule Yemen, hao hao waliokuja Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, bahari moja majahazi yale yale. Indonesia sheria yao ya wakfu ya 2004 imeruhusu mpaka wakfu wa fedha, mtu anatoa kidogo alichonacho kinawekezwa, faida ndio inatumika.

Hapo kwenye fedha lazima niseme vizuri mana kuna dada aliniuliza. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hela yenyewe haiwekwi wakfu, kwasababu wakfu unataka kitu unachonufaika nacho na chenyewe kinabaki, na hela ukiitumia imeondoka. Waothmani walikua Mahanafi, yani madhehebu ya Hanafi, na wanachuoni wao walibishana sana karne ya 16, Ebussuud mufti mkubwa akaruhusu, Birgivi akapinga vikali, wote watu wa dini. Sisi hatuna haja ya kuingia kwenye ugomvi huo. Tunachanga, hela inanunua kitu, kile kitu ndio tunakiweka wakfu. Imekwisha. Na pia mtu asije akachanganya, pilau la Maulidi sio wakfu, ni sadaka nzuri sana lakini inaliwa inaisha. Na mwenye kutaka kuweka wakfu akiwa kwenye maradhi ya mauti, au kwa wasia, haizidi theluthi ya mali yake bila ridhaa ya warithi, kwahiyo fanya ukiwa mzima na uwaambie watoto wako, usiwafiche.

Tupige hesabu yetu. Darsa hili tuko mia na arobaini kwenye daftari. Kila mtu akitoa elfu moja kwa wiki, sio elfu kumi, elfu moja, bei ya vitumbua vichache tu, hiyo ni laki moja na arobaini elfu kwa wiki, kwa mwaka wa wiki hamsini na mbili ni 7,280,000. Upande wa barabara pale penye mti wa mkungu msikiti una nafasi ya fremu mbili, nimepima kwa miguu yangu na fundi kanipigia mahesabu, mwaka mmoja na miezi kadhaa tunaweza kusimamisha ya kwanza bila kumuomba mtu. Kodi ya fremu ya kwanza iende kwenye mota na maji. Ya pili mimi napendekeza, na hapa mniruhusu, iwe ya sahani. Iwe ya wale mabinti wa kazi wa mtaa huu, akivunja, akiumwa, akifukuzwa usiku hana nauli ya kurudi kwao Lushoto, aje hapa na vipande vyake. Iandikwe hivyo hivyo kwenye hati ili miaka thelathini ijayo asije mtu kusema hela ipo nyingi tubadilishe zulia.

Na hati iandikwe kabla tofali la kwanza halijawekwa. Iseme kitu gani, kipo wapi, mipaka yake, kwa ajili ya nani, nani anasimamia na akifa nani anafuata, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila Shaaban kabla ya Ramadhani. Wasimamizi wawe watatu na mmoja wao awe mwanamke. Kopi moja kwa imamu, moja kwa wadhamini, moja picha iwe kwenye simu za watu wengi iwezekanavyo. Nimeshaongea na ustadhi wetu kakubali kuipitia.

Hapo ndipo muda wangu uliisha siku ile. Lakini kuna jambo lilitokea baada ya dua ambalo wengi hamkuliona mana mlishatoka.

Wakati nakunja mkeka bibi mmoja wa wale wanaokaa karibu na nguzo akanivuta mkono. Akafungua fundo kwenye kanga yake akatoa mfuko wa nailoni umekunjwa mara nyingi, ndani yake karatasi imegeuka rangi ya chai, pembe moja imeliwa na mchwa. Akasema hii aliniachia mama mkwe, mimi sijui kuisoma, watoto wanasema ni Kiarabu. Nikaiangalia. Haikua Kiarabu, ilikua Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyokua wanaandika wazee. Nikasoma pole pole tukiwa wawili tu na feni. Bismillah, alafu jina la mwanamke, alafu anasema ameweka wakfu miembe miwili na minazi mitano iliyo kando ya njia iendayo kisimani, kwa ajili ya futari ya wasafiri na mayatima mwezi wa Ramadhani, haiuzwi wala hairithiwi. Chini majina ya mashahidi wanne na mwaka 1380 Hijria, yani 1960 au 1961.

Bibi akauliza, inasemaje? Nikamsomea tena kwa sauti. Akakaa chini.

Tumeipiga picha, ustadhi anayo, na kijiji chenyewe kimetajwa kwa jina. Jumamosi saa mbili asubuhi tunakodi Noah kwenda kuitafuta hiyo miembe, nafasi mbili bado zipo. Na mwenye karatasi ya namna hiyo nyumbani, hata kama hajui imeandikwa nini, aje nayo Alhamisi.